Mashuka ya Saa Nane

Kaka yangu alikata miti yote ya mlimani wakati mimi niko hospitali namuuguza mama, wala hakuniuliza. Msitu ule mama alitugawia sote wawili. Niliporudi kumzika, nilikuta visiki.

Mimi ni dobi. Sikusoma, lakini mlima ule niliujua. Jua la asubuhi likishapiga majani, ukungu ulipanda kutoka mitini kama mvuke wa sufuria, na ikifika saa nane ulirudi kwetu ukiwa manyunyu. Kabla ya hapo mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa yameshaanuliwa na kukunjwa. Mama alikuwa akiniita kutoka jikoni, "Mwanangu, miti imeshatoka jasho, anua." Bwana shamba alipokuja kutueleza kwamba mizizi hunywa maji na majani huyarudisha hewani, nilimwambia kachelewa, mama alishanifundisha.

Sasa manyunyu hayaji. Upepo unateremka mkavu, vumbi jekundu linatua kwenye mashuka meupe, nayafua mara ya pili kwa maji ya kisima kinachotoa ndoo tatu kisha kinakoroma.

Mwezi uliopita kaka alipita uani akanikuta nakimbilia kamba ya nguo kwa mazoea. Ilikuwa saa nane. Mashuka niliyokuwa nimeyarudia kufua yalikuwa bado mabichi, na mbinguni hapakuwa na hata doa.

"Dada, unamkimbia nani?"

"Mvua."

Alicheka hadi akashika ukuta. "Dobi anayelilia mvua! Nimekuanikia dunia nzima, hata asante sipati?"

"Kuianika umeianika. Nani atailowesha?"

"Mvua ni ya Mungu, dada."

"Na shoka lilikuwa la nani?"

Akatazama viatu vyake, akaenda zake.

Nilikaa kwenye ngazi, nikajifunika uso kwa shuka bichi. Lilikuwa na ubaridi uleule wa zamani. Nilikaa hivyo hadi likakauka, na halikuchukua muda.

Nyuma ya jiko nina miche mia mbili kwenye makopo. Naimwagilia maji ya suuza ya mwisho, nayagawa kwa kikombe. Kuipanda siwezi kumaliza peke yangu, na hata ningeweza, si kazi yangu. Kaka ndiye anayedaiwa: aje na jembe, apande mche pembeni mwa kila kisiki, na awaambie shangazi zetu kwa kinywa chake ni nani aliyeyafukuza manyunyu. Makopo yanamngoja.