Kesi ya Juisi ya Derick

Zita hakuzaa, na alikuwa ameshachoka kuonewa huruma kwa jambo hilo. Alikuwa na miaka hamsini na minane, shamba la migomba pale Mabawe, mbuzi wawili wasio na adabu, na kila Jumapili watoto arobaini. Hao arobaini ndio utajiri wake. Katika kigango chao yeye ndiye mlezi wa watoto: mahubiri yakianza anawatoa nje ili wakubwa wasinzie kwa amani, anawafundisha ishara ya msalaba, anawapangusa makamasi, anawaachanisha wanaong'atana. Miaka kumi na tisa! Wale wa mwanzo sasa wanamletea watoto wao.

Ualimu hakusomea. Darasa la saba, basi. Lakini ukikaa na watoto miaka kumi na tisa, hata ungekuwa gogo ungeambulia kitu. Zita alijua kwamba mtoto wa miezi minne ukimfunikia kijiko kwa kitenge, kwake kijiko kimekufa, kimezikwa, na matanga yameanuliwa. Halii wala hatafuti. Akikaribia mwaka, huyo huyo anafunua kitenge na kukusuta kwa macho. Wa miaka mitatu anajificha kwa kufumba macho, makalio yote nje, na ukimkamata anashangaa umemwonaje. Yote hayo Zita aliyajua. Waliomponza ni wa miaka mitano.

Ilikuwa Sikukuu ya Watoto Mashahidi, siku tatu baada ya Krismasi. Zita alivundika ndizi zake mwenyewe, akazikamua kwa majani mpaka viganja vikawaka moto, akapata madumu mawili ya juisi tamu. Haikuwa imechachuka hata kidogo, na hili nalisema kwa sababu wanaume wa kigango walishaulizia. Shida ikawa vyombo. Vikombe havikutosha, kwa hiyo akaazima mabakuli huku na glasi kule. Glasi sita ndefu, nyembamba, zilitoka kwa Uwimana, mke wa mtoto wa kaka yake. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Zita akapima. Kila mtoto kikombe kimoja cha bati, kimejaa, hakuna kuongeza wala kupunguza, kisha anammiminia kwenye chombo chake. Derick, kitinda mimba wa jirani yake Rozina, akapata bakuli. Pembeni yake alikaa Ntwari, mtoto wa Uwimana, na glasi.

Derick akatazama bakuli lake, juisi iko chini kabisa. Akatazama glasi ya Ntwari, juisi inakaribia mdomoni. Akarudi kwenye bakuli. Kisha akaachia kilio ambacho kilisimamisha kwaya katikati ya ubeti.

"Ni sawasawa, mjukuu wangu," Zita akambembeleza.

"Ya Ntwari imefika huku juu!"

"Lakini bakuli lako ni pana."

"Imefika huku juuuu!"

Hapo ndipo Zita alipokosea, na mimi simtetei. Angeihamishia ile juisi kwenye glasi, mambo yangeisha pale pale. Lakini jua lilikuwa kali, wengine thelathini na tisa wanamvuta kanga, naye akasema, "Kunywa ulichopewa!" Rozina alikuwa hatua tatu nyuma yake, na masikio ya Rozina hayajawahi kwenda likizo.

Jamani, maneno! Siku ya sikukuu lilikuwa bakuli. Kesho yake kisimani likawa nusu bakuli. Ilipofika siku ya gulio, Derick alikuwa amepewa makapi na Ntwari ameondoka na dumu zima. "Zita anagawa kwa ukoo," watu wakasema, "damu nzito kuliko maji." Mama mmoja wa kigango, Adelfina, ambaye siku zote aliona angekuwa mlezi bora, alishaanza kuulizia ufunguo wa sanduku la kalamu za rangi.

Ndipo Mzee Juvenali, mwenyekiti wa jumuiya yao, akatuma ujumbe: Jumamosi jumuiya inasali kwa Rozina, na baada ya sala kuna jambo la mlezi. Ikithibitika upendeleo, atampisha mwingine.

Zita aliogopa. Hakuna haja ya kulipamba. Akivuliwa ulezi, Jumapili ataamka afanye nini? Akae na wakubwa asikilize mahubiri? Nyumba yake ilikuwa kimya siku sita za wiki, na alikuwa anaivumilia kwa ajili ya ile ya saba. Basi akakamua juisi nyingine, akaazima tena glasi ndefu moja na bakuli lile lile la Derick, akaenda.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele na milele, amina."

Rozari ilisaliwa kwa mwendo wa mtu anayekimbia mvua. Kisha Mzee Juvenali akakohoa kimwenyekiti na kumpa Zita nafasi ya kujitetea.

"Derick hakusema uongo," Zita akaanza.

"Mnaona! Amekiri!" Adelfina akadakia.

"Hakusema uongo, alisema anachokiona. Ana miaka mitano. Derick, baba, njoo hapa." Akajaza vikombe viwili vya bati vinavyofanana. "Hivi vipoje?"

Derick akainama, akafumba jicho moja kama fundi wa kupiga plasta. "Sawasawa."

Zita akamimina kimoja kwenye bakuli, kingine kwenye glasi. "Na sasa?"

"Ya glasi ndiyo nyingi."

"Nimeongeza?"

"Hapana."

"Ya bakuli nimeipunguza?"

"Hapana."

"Sasa hii imekuwaje nyingi?"

Derick akamwonea huruma kwa kutokujua. "Imepanda," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Zita akarudisha juisi kwenye vikombe, Derick akakubali kwamba ni sawasawa. Akaimimina tena, na glasi ikashinda tena. Angeweza kurudia mpaka Pasaka na mtoto asingeona ajabu yoyote. Kaka yake Alfonce, wa miaka tisa, akashindwa kuvumilia: "We mjinga, si ni ile ile!"

"Ishia hapo hapo," Zita akamkata. "Wewe mwaka ule nilikukatia muwa wako mara mbili, ukanishukuru kwa kukuongezea." Alfonce akagundua kwamba kamba ya kiatu chake imelegea.

Mzee Juvenali akatikisa kichwa kwa hekima kubwa. "Mtoto ni mtoto. Sisi watu wazima tunajua ni kiasi kile kile."

"Karibu basi uburudishe koo, mwenyekiti," Zita akamwambia, akamsogezea bakuli na glasi pamoja.

Mzee Juvenali akanyoosha mkono na kuchukua glasi. Haki ya Mungu, hata hakusita! Nyumba nzima ilicheka mpaka kuku wakakimbilia migombani, naye amesimama na glasi mdomoni, hawezi kunywa wala kuirudisha.

Ndipo Kalista akasimama. Huyu ni binti mkubwa wa Rozina, wa miaka kumi na minne, na umri huo una mambo yake.

"Naomba kuuliza, Mzee. Tuseme Bibi Zita alitaka kumpendelea Ntwari. Angempendelea mbele ya kigango kizima na padre? Na tuseme hakutaka kumpendelea mtu. Angefanya nini tofauti na alichofanya? Hakuna. Kwa hiyo hiyo glasi haithibitishi chochote. Na tena, tuseme jumuiya ina haki ya kumtoa mlezi wa watoto, kwa nini watoto wenyewe hawapigi kura? Na kura yenyewe..."

"Kalista! Kaa chini," mama yake akafoka.

"Huyo akianza na 'tuseme', wewe injika tu maharage," Zita akamnong'oneza jirani yake. "Yataiva bado anasema."

Lakini Rozina hakucheka. Alikuwa amekunja mikono. "Haya, mwanangu amedanganywa na glasi. Nimekubali. Lakini roho ilimuuma, na machozi yalikuwa ya kweli. Au nayo yalikuwa mengi kwa sababu shavu ni jembamba?"

Zita alikuwa na la kujibu, tena kali, akalimeza.

"Hapo nimekosa," akasema. "Wewe una haki ya kutojua alikuwa anaona nini. Mimi nilijua, na bado nikamfokea. Nisamehe, Rozina."

Rozina alitazama pembeni. Adelfina akajiweka sawa kwenye kiti. Mzee Juvenali, akitafuta pa kuificha aibu ya glasi, akaona amuulize mlalamikaji mwenyewe.

"Derick, unataka Bibi Zita aache, aje Mama Adelfina?"

"Akiacha ataenda wapi?"

"Si ataenda nyumbani kwake."

Derick akacheka. Katika maisha yake hajawahi kusikia kichekesho kama hicho. "Bibi Zita hana nyumbani! Anakaa kwenye kabati la kanisa. Jumapili tukija ndiyo anatoka."

"Na leo Jumamosi mbona yuko hapa?" Alfonce akamchokoza.

Derick akafikiri. "Wamemtoa mapema."

Watu walikuwa wanafuta machozi ya kicheko, hata Rozina. "Hivi kwa nini anakaa kabatini?" mtu akauliza ili kuchochea.

"Anatungoja," Derick akasema. "Si ni wetu. Mungu alimtengeneza kwa ajili yetu sisi."

Akaliendea lile bakuli aliloligomea, akalibeba kwa mikono miwili, akaenda kukaa mapajani mwa Zita na kuanza kunywa. Rozina ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka. Alimtazama Zita kwa muda, akakunjua mikono yake.

"Mwenyekiti," akasema kwa sauti ya chini, "funga kesi. Mlezi tunaye."

Kalista alikuwa ameshaanza kumweleza Derick kwamba mtu hawezi kutengenezwa kwa ajili ya watoto wa watu wengine, na kwamba kabati lile hata halina hewa. Zita akamwinulia kidole anyamaze. Alizijua hatua zote za watoto, moja baada ya nyingine, na alijua kwamba miaka miwili haitapita kabla Derick hajayajua hayo mwenyewe. Akamfuta juisi kidevuni, akamwacha aendelee kukosea.