Ramli ya Migongo

Wapiga ramli nimewaona wengi, lakini yule wa Kasese ndiye wa kwanza niliyemwona akivaa koti jeupe na kulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Sisi tulimwita daktari wa mazoezi. Alikuwa na viatu vinavyong'aa na tabia ya kuongea na ukuta ulio nyuma yako. Alijitapa kwamba akimhoji mtu mwenye mgongo unaouma kwa miaka, anajua papo hapo kama mazoezi yatamponya au yatapotea bure.

Wazo lenyewe silidharau. Migongo haifanani, na dawa iliyomwinua jirani inaweza ikakuacha umelala vilevile. Ninachokidharau ni masikio yake.

Nilikwenda kwake na jirani yangu wa Bwera. Sote wawili tulitokea upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, tukapanga vyumba vinavyotazamana uani, tukasali kanisa moja. Kazi yetu ilikuwa kununua maharagwe huko Kyarumba na kuyateremsha kwa miguu mpaka magari yanaposimama. Wengine hutwika kichwani. Sisi hubeba mgongoni, na mkanda unapita kwenye paji la uso, kwa hiyo shingo na kiuno ndivyo vinavyolia. Mgongo wangu uliuma. Wake ulikuwa balaa: asubuhi alitoka chumbani akishika ukuta, na usiku nilimsikia akigeuka kitandani kwa kuguna. Alikuwa mjane. Mgongo ule ndio uliomlipia chumba, na ukimkatalia, hakuwa na pa kwenda ila kwa kaka yake ng'ambo ya mpaka, kijiji alichokikimbia risasi zikilia. Alikuwa ameapa hatakirudia.

Daktari akaanza naye.

"Maumivu iko aje, mama?"

"Kidogo tu, dokta. Tunashukuru Mungu."

"Usiku unalala?"

"Ninalala muzuri, aksanti."

Nilitaka kucheka kwa hasira. Lakini kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mtu wa heshima akikuuliza hali, humtupii shida usoni. Unampa kwanza habari njema, unashukuru, halafu yeye anauliza tena, na tena, na hapo ndipo unafungua kifua. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba jibu la kwanza ni salamu tu. Huyu msomi wetu hakuuliza mara ya pili. Alikuwa na haraka ya kuagua.

"Unaamini utapona?"

"Naamini sana, dokta."

Akatabasamu kama aliyepewa zawadi. Kisha akanigeukia. Mimi adabu ya nyumbani ilinipungukia zamani, sokoni iliniishia kabisa. Nikamwambia inauma kila siku, silali, na yeye simwamini hata kidogo.

"Mama, wewe iko na kichwa ngumu," alisema. "Mutu ya namna hii mazoezi haiwezi saidia."

Basi, ramli imekwisha. Nafasi katika kundi la mazoezi akapewa jirani yangu. Mimi nikapewa vidonge na pole.

Kwa kuwa alisema maumivu ni kidogo, akapangiwa mazoezi ya mtu mwenye maumivu kidogo. Aliyafanya yote uani, juu ya mkeka, kwa utiifu wa mtu anayesali rozari, meno ameyauma. Mimi nilimwiga kutoka mlangoni kwangu, kwa ubishi tu. Zoezi lililoniuma nililiruka, lililonipa nafuu nililirudia. Sikupona, lakini nikaanza kuinama na kunawa miguu bila kulaani mtu. Yeye alizidi kupinda.

"Mwambie ukweli," nilimwambia.

"Nitamuambia nini, dada? Ule mutu anatusaidia bure, halafu mimi nimupelekee habari mubaya?"

Siku ya mwisho ya kundi nilimsindikiza. Daktari akamsimamisha mbele ya wenzake na kumuuliza mgongo ukoje sasa.

"Iko muzuri sana, dokta. Mungu akubariki."

Nikainuka. Nikasema anadanganya, viatu alivyovaa nimemvalisha mimi. Daktari akacheka, akasema, "Hiyo ni wivu, mama," na kundi zima likacheka naye. Jirani yangu hakucheka. Alinitazama kana kwamba nimemvua nguo mbele za watu. Akaandikiwa kwamba amepona, nafasi yake akapewa mwingine.

Nje ya lango aliketi kwenye majani, akashindwa kuinuka. Nilimvuta kwa mikono miwili. Alilia, na katikati ya kilio akaniomba nisimwaibishe tena mbele ya mtu mwema. Nilikasirika naye kuliko nilivyomkasirikia daktari, na bado sijamaliza kukasirika.

Mavuno yaliyofuata hakuweza kubeba hata debe. Kaka yake alivuka mpaka kumchukua, akamlaza kiti cha nyuma cha gari, amefunika uso kwa kitenge ili asione njia. Wanaotoka huko wananiambia hatembei, na wifi yake ndiye anayemwogesha.

Juzi nilirudi pale kliniki kuchukua vidonge vyangu. Daktari alikuwa na wagonjwa wapya benchini, akiwaeleza jinsi anavyomtambua mtu atakayepona. Nilisimama mlangoni nikasikiliza.

"Kuna mama moja ya Bwera," aliwaambia. "Siku ya kwanza tu nilijua huyu atapona. Na akapona kabisa. Mpaka leo hajarudi hapa."