Safari ya Maua Isiyo na Mwenyeji

Mwaka ulikuwa umepita tangu tumzike mume wangu, nami nikaanza kupanga safari ya kwenda Arusha kutazama maua. Kutazama tu. Sikuwa na cha kuuza wala mgonjwa wa kumwona. Nina kitalu changu cha miche kando ya barabara ya Soni, na mambo ya maua nayajua: watu huja kuyachukua kwa harusi au kwa msiba, basi. Redioni nikasikia kwamba Arusha kutakuwa na maonyesho ya maua mwisho wa wiki. Nikajiambia, haya, niende.

Hamu sikuwa nayo, nisiseme uongo. Mwaka ule wote sikuwa na hamu ya kitu chochote. Nilikula kwa sababu sahani imewekwa mbele yangu. Siku ya maziko kina mama wa usharika walinishika mabega wakaniambia nisilie, nimwachie Mungu. Nikamwachia. Nikawa naulizia kama mchele utatosha. Tangu hapo sikulia, na watu wakanisifu eti nimejikaza.

Nilichotaka Arusha kilikuwa kimoja: siku mbili bila mtu kuniambia pole. Huku kwetu hata chumvi sinunui bila kupewa pole kwanza. Nilidhani nikikaa mahali ambapo hakuna anayejua kwamba mimi ni mjane, labda kitu kingerudi moyoni. Hata kidogo tu.

Kupanga kwenyewe kulikuwa kichekesho, ingawa sikucheka. Nilipigia simu bustani moja kubwa. Dada aliyepokea akauliza, "Ni kwa ajili ya picha za harusi?" Nikamwambia hapana. "Mnakuja wangapi?" Peke yangu. "Mwalimu wa shule gani?" Jamani! Nikamwambia mimi si mwalimu, nataka kuingia, nizunguke, nitoke. Akasema kwa upole, "Karibu, mama." Nikapata na gesti karibu na viwanja vya maonyesho. Ijumaa ningepanda basi la asubuhi, Jumamosi maonyesho, Jumapili baada ya ibada niipitie ile bustani, halafu nirudi.

Kosa langu ni kumwambia mama. Mama anaishi Mlola, na kwake hakuna safari isiyo na mwenyeji. Anayelala gesti ni mtu asiye na ndugu mjini, au mwenye jambo la kuficha. Nilipoitaja gesti alinitazama, akaendelea kuchambua maharage. Sikushtuka.

Alhamisi simu ikaita. Alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama, anayeishi Arusha.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Yaani ulitaka kutupita hivi hivi? Chumba kipo tayari. Kina mama wa hapa mtaani nimeshawaambia, maana kwenye msiba hatukuwahi kufika. Watakuja Jumamosi wakupe pole. Maua hayakimbii."

Nikasema asante. Ndivyo tulivyolelewa, mkubwa hakataliwi. Kisha nikafunga kitalu nikaenda Mlola, nikamkuta mama jikoni. Shikamoo sikutoa.

"Kwa nini umemwambia? Nani alikutuma?"

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatoka nje mbio. Nilimwambia nimechoka na pole zao, nimechoka kutazamwa kama jeneza, nilitaka siku mbili tu za kwangu na yeye amezigeuza matanga. Nilikuwa na hasira, hasira hasa, mpaka masikio yanawaka, na katikati ya maneno nikagundua kwamba sikumbuki lini mara ya mwisho nilikasirika.

Mama alifunika sufuria. Akanijibu kwa Kishambaa, taratibu, bila kuugusa utovu wangu wa adabu.

"Afadhali," alisema. "Mwaka mzima hujanigombeza hata mara moja. Nilidhani nimezika wawili."

Nikakaa chini palepale, nikamlilia mume wangu kwa sauti mpaka majirani wakaja. Ijumaa basi liliondoka bila mimi. Nilikuwa bado Mlola, kitandani kwa mama, macho yamevimba, nalia.