Boliti za Ijumaa

Kazi ya ukumbi wa kanisa pale Migori niliipata miaka ya tisini, nikiwa kijana mwenye diploma na kiburi. Nilitakiwa kukadiria boriti za chuma za roshani zingebeba uzito gani, na viungo vyake vya boliti vingejipinda kiasi gani kabla ya kuachia. Hesabu zangu zilikuwa sawa. Hata leo sitaki mtu aniambie vingine.

Lakini hesabu haijui siku za ibada. Nusu ya mafundi walikuwa Wasabato, nusu Wakatoliki. Ijumaa jua likielekea kuzama waliweka spana chini, nati za boriti ya mwisho zikiwa zimeshikwa kwa vidole tu. Wakatoliki wa Jumamosi wakadhani wenzao wamezikaza. Wasabato waliporudi Jumapili, wakadhani Wakatoliki wamemaliza. Na mimi, mjinga mkubwa, nikatia sahihi kuwa kazi imekamilika bila kupanda kuangalia.

Siku ya ufunguzi padri aliongoza misa mle ukumbini, na akina mama wa kwaya walijaa roshani. Mama yangu alikuwa ametoka Homa Bay alfajiri, akaketi katikati yao kama bibi harusi. Nikiwa chini, nikaona mwanga mwembamba kati ya bamba la boriti na nguzo. Wimbo ulipopamba moto, mwanga ukapanuka. Kwa hesabu zangu haukupaswa kuwapo kabisa.

Nilinaswa, jamani. Ngazi ilikuwa moja, nyembamba. Nikipiga kelele, watakanyagana. Nikinyamaza, wanaendelea kuchezesha boriti ile. Na niseme ukweli: niliogopa pia kuharibu jina langu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilijua hivyo, na bado mdomo haukufunguka.

Nikapanda polepole, nikamnong'oneza mama kwamba naumwa, anisindikize nje. Alishuka nami. Uani akanigusa paji la uso, akalikuta baridi. Akanikazia macho mpaka nikamweleza yote, roshani na sahihi.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Wuoda, mwanangu," akasema, "na wale wengine, nani atawashusha?"

Akafunga leso yake vizuri, akarudi ndani, akapanda, akaketi palepale na kuanza kuimba.

Ndipo nikamwendea padri madhabahuni, nikamweleza mbele ya watu wote yale niliyomweleza mama.