Gobori Lililotolewa Kabla ya Kupimwa

Siku ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa bunduki hata moja. Nilikuwa nimetoka kwenye ulinzi wa maghorofa ya Jumeirah Lake Towers, Dubai, na kafeel wangu, mdhamini wa viza, alinihamishia kwa arbab mmoja, bwana tajiri aliyekusanya silaha za kijeshi za karne ya kumi na tisa. Nyumbani kwake kulikuwa na ghala lenye kiyoyozi, na karakana ndogo nyuma yake. Mkuu wa ghala alikuwa Maalim Nassor, mzaliwa wa Unguja aliyekulia Dubai, mtu mwembamba asiyependa haraka.

"Leo kaa utazame," aliniambia. "Zamu ya mikono itafika."

Vijana wa siku hizi hudhani kazi ile ilikuwa kung'arisha vyuma tu. Silaha nyingi zilikuwa magobori, bunduki za kushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Askari alimimina baruti mtutuni, akatia risasi, akaishindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu wa chuma. Kisha alipachika fataki, kikofia kidogo cha shaba, chini ya nyundo. Nyundo ikiipiga fataki, cheche huingia ndani na baruti hulipuka.

Kutu tulipambana nayo kila siku, maana unyevu wa Dubai wakati wa joto hupenya hata kuta. Lakini Maalim aliogopa jambo jingine. Baruti iliyokaa kavu haizeeki. Askari huenda alikufa au alikimbia akaliacha gobori lake limeshindiliwa, nalo likapita mikono ya watu kwa zaidi ya miaka mia bila mmoja wao kujua. Kwa hiyo kila lililofika tulilitumbukiza ufito wa mbao, tukautia alama penye mdomo wa mtutu, kisha tukaulaza ufito ule juu ya mtutu kwa nje kuona uliishia wapi. Ukigota kabla ya kufika chini, ndani mna kitu.

Mchana mmoja tulitoka kuswali Adhuhuri, tukakuta meza ya karakana tupu. Asubuhi ile tulikuwa tumefungua kreti mpya na kuliweka gobori moja hapo, tulipime tukirudi.

"Limekwenda wapi?" Maalim aliuliza.

Kicheko kilisikika kutoka majlis, chumba cha wageni. Arbab alikuwa amelichukua mwenyewe kuwaonyesha wageni wake, na mwanawe mkubwa alikuwa amepachika fataki mpya ili wasikie mlio. Hayo tuliyajua baadaye. Nilipoingia mlangoni niliona mdomo wa mtutu umenielekea kifuani. Aliyelishika ni mfanyabiashara mmoja wa mbao, rafiki wa arbab. Nyundo alikwishaivuta nyuma.

"Tumemkamata askari," alisema akicheka.

Niliiona shaba ya fataki ikimeta.

Maalim, aliyeingia nyuma yangu, hakupaza sauti. Mtu akishtuliwa, vidole hukaza. Alichukua dallah, birika la kahawa, akamimina, akampelekea mgeni kikombe.

"Tafadhal, ya sheikh. Kahawa yako inapoa."

Kule mgeni hamwachi mwenye kahawa akisimama, na kikombe hupokewa kwa mkono wa kulia. Mkono huo ndio uliokuwa kwenye kifyatulio. Mgeni akasita. Nikamwendea kwa ubavuni, polepole.

"Niruhusu nikushikie, sir."

Nilikamata mtutu, nikauinua uelekee dari, na kidole gumba nikakipenyeza chini ya nyundo. Alipokuwa akitoa mkono wake, kidole chake kilinasa kifyatulio. Nyundo ikaanguka, ikauma gumba langu mpaka mfupani. Mlio haukutoka. Maalim akamkabidhi kikombe chake, nami nikaondoka na gobori, damu ikinichuruzika.

Karakanani tulitoa fataki, kisha Maalim akatumbukiza ufito. Uligota kabla ya mwisho. Tulimimina maji mtutuni, tukangoja baruti ilowe, tukavuta yote yaliyomo kwa skrubu ya kuzibulia. Risasi ilianguka kwenye sinia. Maalim akaketi kando yake.

Arbab alikuja akaitazama risasi ile.

"Khalas," alisema. "Yamekwisha. Mgeni asiambiwe. Ni aibu ya nyumba yangu."

"Arbab, nimekula chakula chako miaka mingi," Maalim alijibu. "Lakini asipojua, kesho atamwelekezea mtu mwingine bunduki, kwingine. Ukinikataza, tafuta mkuu mwingine wa ghala."

Viza zetu sote wawili zilikuwa mikononi mwa arbab. Alitoka, nasi tulikesha tukijua huenda tukafungishwa virago.

Kesho yake arbab mwenyewe alimleta mgeni yule karakanani, akamweleza yote. Yule bwana aliishika risasi, akaniuliza nilikuwa nimesimama wapi. Nikamwonyesha.

"Una watoto?"

"Ninao, sir, Tanga."

Alinishika bega. Tangu siku ile ufunguo wa ghala ulikaa kwa Maalim, na arbab mwenyewe aliuomba mlangoni kama mtu mwingine yeyote.

Maalim alipofariki nilishika nafasi yake, mpaka macho yaliponiambia basi, nikarudi Tanga. Wageni wa ghala lile walisoma vibao vilivyoeleza kila bunduki ilitengenezwa wapi na ilibebwa na jeshi gani. Hapakuwa na kibao cha kusema kwamba mikononi mwetu hakuna iliyomuua mtu. Kwangu mimi, kazi yetu ilikuwa hiyo.