Tochi ya Salamu Maria Tatu

Harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya ikiyeyuka kwenye chuma cha moto inanikausha mate mpaka leo. Waliokuwepo nyumbani kwetu mtaa wa Lumumba, hapa Bunia, siku ile ya mvua, ni hawa: mimi Akelo, mtoto wa kama miaka tisa, Koko Biwaga, mama wa mama yangu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, mjomba Ukumu, kitinda mimba wake Koko, mdogo wangu Generoza, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua, na jina lake hilo tulilitaja ndani ya nyumba tu, maana miaka ile serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, na Mama Lotsove, jirani, aliyekuja kuomba kaa la moto akazuiwa na mvua. Mama yetu alikuwa amekwenda Fataki kutafuta maharagwe. Basi, ni hao.

Mjomba alikuwa zamu, yaani mlinzi wa usiku, kwenye depo ya kahawa. Mwenzake alikuwa amepigwa na wezi, kwa sababu mwanga wa tochi za walinzi haukufika hata kwenye ua. Mjomba akaapa kwamba yeye hatapigwa gizani. Ndani ya tochi yake kulikuwa na transista ndogo aliyoiweka mwenyewe ya kupitisha umeme wa betri kwenda kwenye balbu. Akaing'oa, akaweka kubwa, aliyoitoa kwenye redio ya gari iliyokufa. Nyaya nyembamba akazibadilisha kwa nene, springi ya nyuma akaiunganishia waya wa shaba ili umeme upite bila kuchoka, na balbu akaweka ya pikipiki. Iliwaka! Mwanga ulionyesha hata alama za vidole vya mama kwenye udongo wa ukuta. Lakini ile transista ilipata joto la kutisha, hata baada ya kuifunga kwenye kipande cha sufuria iliyotoboka ili kinyonye joto. Saa hatukuwa nayo. Mjomba aliketi, akaiwasha, akasali taratibu kama mtu aliye kanisani, akapata kipimo: Salamu Maria tatu, kisha kuzima ipoe. Ukienda ya nne, inaungua.

Mchana ule wingu lilishuka, mvua ya mawe ikaanza, tukafunga mlango na madirisha ya mbao. Nyumba ikawa giza. Nikaenda chumbani kumwangalia Generoza kitandani, nikasikia pumzi. Siyo ya mtoto. Ilikuwa ndefu, kama mtu anayepuliza moto uliogoma, na ilitoka chini, karibu na mguu wa kitanda. Nilirudi kinyumenyume, mkojo unanitoka. Mjomba akamulika kutoka mlangoni: swila, mweusi, amejikunja kati yetu na mtoto.

Dirisha la chumba lilikuwa juu ya kitanda chenyewe, na njia ilikuwa moja tu. Mjomba akachukua jembe. Jembe linataka mikono miwili. Koko haoni vizuri. Mama Lotsove alikuwa tayari amepanda juu ya meza.

"Mama Lotsove, shika tochi!"

"Miye? Ile nyoka inatema mate mu macho! Nani atapika mikate yangu nikikuwa kipofu? Mupe ule mutoto, iko na macho mupya."

Ndivyo tochi ilivyofika mikononi mwangu. Mjomba akaniambia, "Akelo, weye umulike kichwa yake tu. Koko atahesabu. Akimaliza tatu, zima kidogo, mimi nitasimama pale pale." Akaingia, mguu mmoja baada ya mwingine. Koko akaanza kusali nyuma yangu. Sasa, mjomba alikuwa ameipima sala ya mtu asiye na wasiwasi. Salamu Maria za Koko zilitoka mbio kama maharagwe yaliyomwagika, na kabla mjomba hajainua jembe nikasikia "Amina" ya tatu. Nikazima, kama nilivyoagizwa.

Lile giza sitalisahau. Generoza alicheka. Kitu kikasugua mkeka.

"Washa!" akasema mjomba. Nikawasha. Swila alikuwa ameinuka, shingo imetanuka kama kiganja, usawa wa mguu wa mtoto. Mjomba hangeweza kupiga bila kumpiga Generoza.

"Mama," akamwambia Koko kwa sauti ndogo, "tafazali, sali polepole."

Haraka haraka haina baraka, lakini pole pole nayo ina hatari yake. Koko akasali sasa kama anayemzika mtu, neno, kimya, neno. Bati la tochi likaniunguza viganja. Nikanusa waya ukiungua. Amina ya pili ilikuwa bado. Nyoka alitazama mwanga, mimi nikamtazama yeye, na sikuthubutu kubadilisha mkono. Kisha akashusha kichwa, akateleza mpaka kwenye shimo la panya chini ya ukuta, mkia ukaingia, na tochi ikafa kwa moshi. Mjomba alimpapasa mtoto gizani, akatoka naye akilia kuliko mtoto mwenyewe.

Swila yule hakuonekana tena, na hilo ndilo lililotutesa. Mvua zote za mwaka ule tulilala watatu juu ya meza, mimi, Koko na Generoza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi hatukuumwa, na bado tulishtuka.

Siku hizi wajukuu wangu wanamulika kwa simu, mwanga hauwaunguzi, wanauacha ukiwaka bure mpaka asubuhi. Nawaonea wivu. Generoza ana duka Ariwara, ni bibi kama mimi, na anasema kwamba yule nyoka alikuwa mjusi tu, tulimkuza kwa woga. Labda vitu vya ndani ya tochi nimevitaja vibaya, shule sikusoma sana. Labda Mama Lotsove alipanda kiti, siyo meza. Wewe uliyekuwa Lumumba wakati ule, nisahihishe, nitashukuru. Ila ukitaka kuniambia alikuwa mjusi, njoo kwanza uvitazame viganja vyangu.