Siku Tata Alipopotea kwenye Ukulele

Juzi mjini Ruiru nilimwona msichana akijaribu ukulele katika duka la vyombo vya muziki. Alibana nyuzi zote nne, akapiga, akasogeza vidole hatua tatu juu, akapiga tena. Ilikuwa ile kodi, yaani sauti za nyuzi zinazopigwa pamoja, ambayo wapigaji huiita dim, inayosikika kama swali lisilojibiwa, na kila baada ya hatua tatu hurudi ile ile.

Nikaikumbuka harufu ya maua na nta ya sakafu katika kanisa letu la Makongeni, alasiri dada yangu alipoolewa. Tata Wambui, dada ya baba, alipiga ukulele, nami nilipaswa kuanza kuimba dada akishafika mbele. Tata alifika kwenye kodi ile akakwama. Akapanda, akapanda tena, vidole vikakaribia mwisho wa shingo ya ukulele. Niliona wazi kwamba amepotea na watu watamcheka, basi nikaanza kuimba kwa nguvu zangu zote.

Dada alikuwa bado karibu na mlango, akipiga hatua moja na kusimama, kama maharusi wetu wafanyavyo. Tata alinifuata papo hapo kwa ukulele. Dada akashika gauni akaja mbio, akina mama wakipiga vigelegele.

"Wewe, ulikuwa unakimbizwa na nani?" dada aliniuliza nje.

"Tata alikuwa amepotea!"

Wote wakamgeukia Tata. Sasa najua alikuwa akimsubiri bibi harusi tu, na angeweza kupanda na kushuka hivyo hadi jioni.

"Ni kweli," alisema, akinifuta jasho. "Huyu ndiye aliyeniokoa."